Kuteleza kwa Hiari

Wahenga walituusia kwamba heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, nikaitolea maelezo marefu ubaoni, pasipo kujiuliza iwapo aliyeitunga aliwahi kujikwaa guu sawasawa. Mimi nimejikwaa. Mnamo mwaka 2019, nikiwa mtu mzima mwenye shahada ya uzamifu na miwani, nilianguka mara zisizo na idadi katika uwanja wa kuegesha magari mtaani Buruburu, nikijifunza kuserereka kwa mguu mmoja juu ya viatu vya magurudumu. Nia yangu ilikuwa kufika kwenye barafu.

Nimeyakumbuka hayo wiki hii nikisahihisha insha za wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, na ndiyo sababu nathubutu kuyaleta mbele ya walimu wenzangu.

Msomaji wa mbali huenda akauliza barafu ya kuchezea ilitoka wapi katika mji ulio digrii moja na ushei tu kusini mwa ikweta. Ilitoka kwenye mitambo. Mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, kando ya barabara ya Mombasa, si mbali na Embakasi. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya magongo ya barafuni ijulikanayo kama Ice Lions, na baadhi ya wachezaji wake walianza kwa magurudumu juu ya lami kabla ya kukanyaga barafu. Mwaka 2018 walisafirishwa hadi Kanada, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao huko ni kama wafalme. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Haya si haba kwa taifa ambalo mwakilishi wake wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi, Philip Boit, alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji kule Nagano mwaka 1998, naye mshindi, Bjørn Dæhlie, akamsubiri mstarini ili amkumbatie.

Mwalimu wangu hakuwa mtu wa Nagano wala wa Kanada. Alikuwa kijana wa jirani, umri wa miaka ishirini hivi, mzaliwa wa Umoja, aliyekuwa akifunza watoto wa mtaa kila Jumapili asubuhi magari yanapopungua. Viatu vyake aliviita skeiti, akiitamka ile irabu kwa uangalifu, nadhani ili isichanganywe na sketi ya akina mama. Baadhi ya wenzake niliwahi kuwaona wakining'inia nyuma ya matatu katika barabara ya Jogoo, jambo ambalo siwezi kulisifu hata kidogo. Yeye hakuwaruhusu wanafunzi wake kutoka nje ya lango la mtaa.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba mgeni anapohisi anakwenda chini hunyoosha mkono nyuma, na mkono huo ndio unaovunjika kifundo. Afadhali kukunja magoti, kujishusha, kisha kulalia upande, penye nyama. Tulianguka kwa makusudi nusu saa nzima, mimi na watoto sita, nao watoto walifurahi mno kumwona mwalimu wa chuo kikuu akigaagaa kama wao.

Somo la pili lilikuwa hilo la mguu mmoja, na hapa ndipo nilipokwama wiki tano. Ajabu ni kwamba kila mtu husimama kwa mguu mmoja siku nzima bila kujua. Katika mwendo wa kawaida, nyayo zote mbili huwa chini kwa takriban moja ya tano ya muda tu. Uliobaki tunauegemea mguu mmoja ilhali mwingine uko hewani. Lakini hatua ya kawaida ni fupi, na mguu wa pili huja upesi kutuokoa. Anayeserereka huuambia mguu huo wa pili usubiri. Hapo moyo hukataa.

Kosa langu lilikuwa hili: nilipoinua mguu wa kushoto, mwili wangu ulibaki katikati, pale ambapo miguu yote miwili ingekuwa. Mguu wa kulia ulilala ndani, ukapinda njia, nami nikautua wa kushoto haraka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kijana akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, umeinua mguu lakini hujahama." Nikahama. Goti likunjwe, nyonga ije juu ya kisigino, pua, goti na kidole gumba vikae katika mstari mmoja, mikono ifunguliwe usawa wa kiuno. Mguu ulioinuliwa usipande juu kama wa korongo. Uelee karibu na mwenzake. Na macho? "Cheki mbele," alirudia pasipo kuchoka. "Miguu haitatoroka."

Agizo hilo la macho lina sababu. Ndani ya sikio mna mifereji mitatu yenye majimaji, inayoupasha ubongo habari kila kichwa kinapogeuka au kuinama. Kichwa kikitulia na jicho likapata kitu cha mbali cha kushikilia, ubongo hupata fununu zinazopatana. Anayetazama vidole vyake huinamisha kichwa, na uzito wote hufuata huko.

Siku tulipofika kwenye barafu niligundua kwamba nilikuwa nimejua nusu tu. Kiatu cha barafuni kina ubapa wa chuma wenye unene wa milimita chache, na upande wake wa chini umechimbwa kijifereji, hivyo una makali mawili, ya ndani na ya nje. Ukisimama wima juu ya yote mawili unakwenda moja kwa moja. Ukiegemea ya ndani unapinda kuelekea ndani. Yale aliyonikanya kijana juu ya lami, barafu iliniadhibu kwayo papo hapo. (Walimu wa sayansi watakumbuka maelezo ya zamani kwamba uzito wa mtu ndio unaoyeyusha barafu chini ya chuma. Maelezo hayo hayatoshi. Michael Faraday alikwisha kudokeza katika karne ya 19 kwamba uso wa barafu wenyewe una utando mwembamba ulio kama maji, hata pasipo kukanyagwa, na msuguano wa chuma huongeza unyevu huo.)

Sasa nirudi kwenye fani yangu. Lugha yetu ina neno simama dede, la mtoto mchanga anayesimama akiyumba kabla ya hatua ya kwanza. Ni neno la upendo. Hakuna mzazi anayemwambia mtoto kwamba amesimama dede kwa kumlaumu. Neno teleza, kwa upande wake, tumelibebesha lawama. Aliyeteleza amekosa, ulimi ulioteleza umeponyoka. Tunapotangaza mchezo wa kuteleza kwenye barafu, tunalitumia neno lile lile kwa tendo la hiari na la ustadi. Lipo serereka, linalofaa zaidi, lakini halisikiki sana katika viwanja vya Nairobi.

Nilimwambia kijana hayo tukiwa tumeketi tukifungua kamba za viatu. Akacheka, kisha akanieleza kwa nini Kiswahili kilimshinda shuleni. Akiwa kidato cha pili aliandika katika insha yake, "Baada ya masomo niliishia." Mwalimu wake aliisoma sentensi hiyo mbele ya darasa zima, akauliza kwa sauti, "Uliishia wapi? Kaburini?" Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, alisema, aliandika sentensi fupi za maneno matatu manne, ambazo hazingeweza kumtia aibu. Katika mtihani wa taifa alipata alama ya D.

Nilinyamaza kwa muda, kwa kuwa sentensi ile naifahamu. Katika Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hii ya Eastlands, kuishia ni kuondoka kwenda zako. Kijana alichukua mzizi wa Kiswahili, isha, akaunyambua katika kauli ya kutendea jinsi kanuni inavyotaka, akaupa maana ya mtaa wake. Sarufi yake haikuwa na dosari. Kilichokosewa ni mahali pa kuitumia, na hilo lingeelezwa kwa dakika mbili. Mwaka 1967 mwanaisimu S. Pit Corder alichapisha makala akitofautisha kuteleza kwa bahati, kunakompata hata mjuzi aliyechoka, na kosa lenye utaratibu, ambalo humwonyesha mwalimu kanuni ambayo mwanafunzi amejijengea mwenyewe kichwani. Makala hiyo nimewasomesha wanafunzi wangu wanaojiandaa kuwa walimu, nikaitungia na maswali ya mtihani. Aliyenionyesha inavyotendeka ni mwenye D, aliponitazama nikianguka mara kumi bila kusema neno, mpaka akajua ni nini hasa nilichokuwa nikidhani.

Sisemi walimu waache kusahihisha. Yeye alinisahihisha bila huruma, na "niliishia" haifai katika insha ya mtihani. Ila sijapata kumsikia akinicheka mbele ya wale watoto sita, ingawa sababu alikuwa nazo tele.

Insha iliyo mbele yangu sasa ina sentensi fupifupi, safi, zisizo na kosa hata moja, kurasa nne. Zamani ningeipa alama nzuri na kuendelea. Nimeiweka kando. Kesho nitamwita mwenye kuiandika, nimwulize ametokea mtaa gani, na ni neno gani alilotaka kuandika akaliacha.

Na kwa wanaotaka kujua: siku ile barafuni nilihesabu hadi tatu juu ya mguu wa kulia. Juu ya wa kushoto, moja na nusu.