Mashine inayojifunza katika kiwanda cha kusafisha mafuta

Mnara wa kutenganishia mafuta ghafi hupokea mafuta yaliyopashwa moto tanurini hadi nyuzi 350 hivi za Sentigredi. Petroli hutokea juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, mabaki mazito chini. Vihisi husoma jotoridi, kanieneo na mtiririko bila kukoma, lakini ubora wa dizeli yenyewe hupimwa maabara, na majibu huja baada ya saa kadhaa.

Kuchelewa huko ni hasara. Kiwango cha Ulaya, EN 590, kinataka angalau asilimia 95 ya dizeli iwe imechemka na kutoka kama mvuke kufikia nyuzi 360. Mwendesha mtambo asiyejua dizeli ya saa hii ikoje hujiwekea tahadhari kubwa, na sehemu ya dizeli nzuri huachwa kwenye mabaki ya bei ya chini.

Hapo ndipo ujifunzaji wa mashine unapofaa zaidi. Programu hupewa kumbukumbu za miaka ya nyuma, kila jibu la maabara likiambatanishwa na usomaji wa vihisi. Sampuli iliyochukuliwa saa kumi alfajiri lazima ioanishwe na hali ya mnara ya alfajiri ile, si ya saa nne majibu yalipofika. Kosa hilo pekee huharibu kila kitu. Tena jotoridi peke yake hudanganya. Kanieneo ikishuka, mchanganyiko uleule huchemka kwa joto dogo zaidi, hivyo kihisi huonyesha joto limepungua ilhali dizeli haijabadilika. Programu iliyofundishwa vizuri huyasoma yote mawili pamoja, hukadiria ubora kila dakika, na kujisahihisha kila jibu jipya la maabara linapoingia.

Wauzaji wa programu wanaodai kompyuta zimeingia viwanda vya mafuta juzi wanapotosha. Wahandisi Cutler na Ramaker wa kampuni ya mafuta ya Shell walibuni udhibiti unaotabiri mwenendo wa mtambo tangu miaka ya 1970. Kilicho kipya ni programu inayojifunza yenyewe namna ya kuendesha: mwaka 2022 kampuni za Yokogawa na JSR zilitangaza kuwa programu ya aina hiyo iliendesha sehemu ya kiwanda cha kemikali nchini Japani kwa siku 35 mfululizo.

Uongo mbaya zaidi ni kwamba akili mnemba itamaliza ajali. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha BP cha Texas City, Marekani, mnara ulijazwa kupita kiasi, kimiminika kikafurika nje, mvuke wake ukalipuka, watu 15 wakafa. Muda mfupi kabla ya mlipuko kimiminika mnarani kilikuwa kimefika mita 48 hivi, huku kihisi kikionyesha chini ya mita 3, tena kikishuka. Programu inayoamini kihisi kama hicho ingeamini kimiminika mnarani kinapungua. Kwa hiyo mfumo wa kuzima mtambo wakati wa hatari lazima ubaki peke yake, wenye vihisi vyake, nje ya mikono ya programu inayojifunza.

Vihisi vikaguliwe, na programu ifundishwe upya aina ya mafuta ghafi inapobadilika. Kabla ya kununua, kiwanda kidai makadirio ya programu yalinganishwe na majibu ya maabara ambayo programu haijawahi kuyaona. Muuzaji anayekataa jaribio hilo hastahili mkataba.