Petroli Peke Yake Huua Injini

Ndugu msikilizaji, majuzi nilikuwa Ibighi, pale Tukuyu, kumsalimu baba mdogo. Kabla hatujamaliza kuamkiana alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kuniona msiba wake. Msiba wenyewe ulikuwa msumeno wa mnyororo, alioununua kwa fedha za ng'ombe mmoja. Alikuwa amemwazima kijana wa jirani akapasue mikaratusi. Kijana alijaza petroli tupu. Gogo la tatu halikukatika, injini ilikwama.

Fundi alipoifungua, pistoni ilikuwa na mikwaruzo kama ubao uliopitiwa na reki, na ringi zimeng'ang'ania. "Imenoki, baba," akasema.

Kijana alijitetea: "Mbona pikipiki yangu naitia petroli tupu na inatembea?" Swali hili si la kijinga, na leo nataka kulijibu.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina injini ya mapigo manne. Oili yake hukaa chini ya injini, huzungushwa na kurudi pale pale. Petroli ina njia yake, oili ina makao yake. Lakini msumeno wa mnyororo una injini ya mapigo mawili. Humo, petroli iliyochanganyika na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha kombeo, ndipo ipande juu kuungua. Oili ikiwekwa kukaa humo ingesombwa yote. Basi hakuna njia ila isafiri pamoja na petroli: ilainishe vyuma inapopita, kisha iungue na kutokea kwenye eksozi. Ukiitoa oili, chuma kinasuguana na chuma.

Shida hii ni ya zamani, tena iliwahi kufika pwani yetu. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji. Waingereza wakahitaji ndege za kuitafuta. Februari 1915 walileta katika kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ndege za majini za Sopwith zenye injini za Gnome kutoka Ufaransa.

Injini hiyo ilikuwa ya ajabu. Kombeo lilifungwa imara kwenye ndege, lisizunguke. Silinda zote ndizo zilizozunguka pamoja na pangaboi, na upepo ukazipoza. Nayo petroli ilipita katika chumba cha kombeo, kama katika msumeno wa baba mdogo. Wengi hudhani oili ilichanganywa na petroli ndani ya tangi. Sivyo. Ilikuwa na pampu yake, ikakutana na petroli humo humo ndani ya injini.

Na oili gani? Mafuta ya mbarika, yale yale ambayo bibi zetu walitunywesha kusafisha tumbo! Sababu ni kwamba mafuta ya mbarika hayayeyuki kwa urahisi katika petroli, kwa hiyo hubaki yameshikamana na chuma, wakati oili ya madini ingekuwa maji maji. Mzunguko ukayarusha nje, yasirudi tena. Injini ilikunywa lita kadhaa kwa saa, na rubani akavuta moshi wake. Husimuliwa kwamba marubani wengi walisumbuliwa na matumbo.

Hata hivyo ndege zile hazikufua dafu Rufiji. Hewa ya joto ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hubeba kidogo. Zilishindwa kupaa zikiwa na mtu wa pili na mabomu. Zililetwa ndege nyingine, na Julai 11, 1915 Königsberg ikaangamizwa.

Turudi Ibighi. Injini za mapigo mawili za leo hutaka oili inayochanganyika vizuri na petroli, tofauti na mbarika, maana huchanganywa kwenye chombo kabla ya kumiminwa. Soma kitabu cha mashine yako. Kama kinasema moja kwa hamsini, debe la lita 5 lapata mililita 100 za oili. Kama ni moja kwa ishirini na tano, mililita 200. Usikisie kwa kifuniko cha chupa. Nunua bomba jipya la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo. Mara tano ni mililita 100. Tikisa vizuri, kisha uandike kwenye debe "IMECHANGANYWA", na uliweke mbali na watoto.

Usitumie oili chafu iliyomwagwa kwenye gari, wala ile ya mapigo manne. Wala usidhani kuzidisha ndiyo salama: moshi utazidi na plagi itaziba.

Baba mdogo ameambiwa silinda na pistoni vyote vibadilishwe. Bei yake inakaribia nusu ya ng'ombe, na oili iliyokosekana siku ile ingetosha kwenye kikombe cha kahawa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukimwazima mtu mashine, mpe na debe lililokwisha changanywa. Mpaka juma lijalo, kwaheri.