Matayarisho ya Mashine Kabla ya Kutiwa Oili na Grisi

Watumishi wa Serikali na wakaazi wenye pampu za maji, jenereta, misumeno ya mota na mashine za kukatia majani wanakumbushwa kwamba mashine iliyozimwa si lazima iwe imekwisha kuwa salama. Mtu huumia akiwa na kopo la oili mkononi, akiamini kuwa kazi ya hatari imekwisha.

Jambo hili huonekana vyema katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo hufanya kazi kwa injini ndogo za aina hii hii. Karasha la kusagia mawe huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikizimwa, pipa lililojaa mawe na gololi za chuma huweza kusimama huku mzigo umeelemea upande mmoja, kisha likajirudia lenyewe na kuvuta mkono wa anayepaka grisi kwenye beringi. Kwa hiyo mkanda hauna budi kuvuliwa na pipa kuzuiwa kwa kabari. Vumbi la mawe nalo lifutwe kwanza, kwani likiingia pamoja na grisi hula beringi badala ya kuihifadhi.

Kwa injini ya petroli, waya wa plagi uchomolewe na kuwekwa mbali, kwa sababu kuzungusha mkono au kisu cha kukatia majani kwaweza kuiwasha. Injini ya dizeli haina plagi. Hiyo ifungwe mafuta na hendeli iondolewe. Petroli isitiwe kamwe injini ikiwa ya moto. Oili chafu, kinyume chake, humwagwa injini ingali na uvuguvugu, ipate kutoka pamoja na uchafu wake. Kipimo kiangaliwe mashine ikiwa mahali palipo sawa, wala kisipitishwe alama ya juu.

Misumeno na mashine nyingi za kukatia majani hazina hodhi ya oili ya injini. Oili yake huchanganywa na petroli kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Wa 25 kwa 1 ni mililita 200. Kukisia kwa macho ndiko kunakoua mashine hizi mapema.

Linalobaki ni kuijaribu mashine, na hapa ndipo pa kutahadhari zaidi. Pampu iliyo juu haivuti maji kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 hivi, ndiyo sababu mchimbaji hushawishika kuiteremsha shimoni na kuiwashia humo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajatambua. Anayeshuka kumwokoa bila ya vifaa vya kupumulia naye huanguka. Visima vyetu havina dhahabu, lakini hewa hiyo haibagui. Wala jenereta, kama zile zilizotumika Unguja umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, haifai kujaribiwa ndani ya stoo au ukumbini, hata milango ikiwa wazi.

Oili iliyokwisha kutumika ikusanywe katika dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mtaro.