Sauti Imetangulia, Midomo Inafuata

TV mpya, sabufa ya zamani na kisanduku kidogo cha konveta: kasheshe ya sebuleni Mandewa, Singida, iliyoishia pengine kabisa

KUNA ugomvi wa pesa, kuna ugomvi wa mawifi, halafu kuna ugomvi wa rimoti. Huu wa tatu watu huuchukulia poa, mpaka siku mtu anabeba mto wake na kwenda kulala chumba cha watoto.

Mwezi uliopita nilifunga safari kwenda Singida kumtembelea shosti wangu wa tangu chuo. Nikapanda SGR hadi Dodoma, nikaunganisha na basi, na jioni bodaboda ikanishusha Mandewa, kwenye nyumba yao mpya iliyo jirani na yale mawe makubwa ya Singida, yaliyotawanyika kama mtu kamwaga njugu. Majina yao nimeyaacha, ila wenyewe wamekubali niwasimulie.

Nikakaribishwa kwa kuku wa kienyeji na mlenda, stori za chuo zikaanza, raha tupu. Ilipofika saa mbili usiku, shemeji akawasha TV kuangalia taarifa ya habari. Sauti ikapanda mpaka vioo vya kabati vikatetemeka.

“Baba watoto, punguza bwana, majirani watatuhama.”

“Nikipunguza sielewi. Huoni huyu mtangazaji sauti yake haiendi na mdomo?”

“Inaenda.”

“Haiendi!”

Shosti akanigeukia. “Umemsikia? Miezi mitatu sasa tangu tununue hii TV, kila siku wimbo huo huo. Halafu mimi nikimwita nikiwa jikoni hajibu. Siku hizi ananidharau tu.”

Nikajifanya natafuna mfupa. Ila na mimi nikamtazama yule mtangazaji, na msomaji wangu, shemeji alikuwa sahihi. Midomo inafunga, halafu ndipo neno linafika. Kwa mbali sana, lakini lipo.

Matundu mekundu na meupe yalikwenda wapi?

Wale mliokulia kwenye zile TV za mgongo mnakumbuka. Nyuma kulikuwa na matundu mekundu na meupe, unachomeka waya kwenye redio, kazi imekwisha. TV nyingi za leo hazina matundu ya kutolea sauti ya namna hiyo, na nyingine hata tundu la hedifoni hazina. Kilichobaki ni katundu kadogo ka mraba kalikoandikwa OPTICAL, au tundu la HDMI lililoandikwa ARC.

Ka mraba kanatoa sauti kwa njia ya mwanga. Ni teknolojia ya Toshiba ya mwaka 1983. ARC ilikuja na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni kuirudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye spika kupitia waya ule ule wa HDMI. Vyote viwili vinatoa sauti ya kidijitali, yaani namba tupu, na sabufa ya shemeji, aliyoinunua mwaka waliooana na ambayo haiuzi hata kwa mtutu, haijui kusoma namba. Inataka waya mwekundu na mweupe.

Fundi mmoja alikuwa amewatatulia kwa njia ya mkato: sabufa ina Bluetooth, TV ina Bluetooth, ziunganishwe, asante, kwaheri. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Bluetooth inaifungasha sauti, inaituma hewani, sabufa inaifungua upya, kisha inaipiga. Safari hiyo kwa kawaida inakula milisekunde 150 hadi 250, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Ukiwa unasikiliza muziki hutajua. Ukiangalia mtu anaongea, utajua.

Kisanduku cha elfu ishirini na tano

Kesho yake mimi na shemeji tukaingia mjini. Tulichokuwa tunakitafuta ni konveta ya kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida, kisanduku kidogo kama kiberiti kikubwa. Tukakipata kwa shilingi 25,000, na waya wa optical ndani yake.

Angalizo kwa wanunuzi: vipo visanduku vya kugeuza kinyume, na kwa sura ni mapacha. Soma maandishi. Upande wa kuingilia pawe na OPTICAL IN, upande wa kutokea pawe na matundu mekundu na meupe yaliyoandikwa OUT. Usikubali maneno ya “chukua tu dada, ni ile ile.”

Kufunga ni dakika kumi. Toa vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya wa optical (wengi wanavisahau, kisha wanalaumu konveta). Chomeka TV kwenye konveta, waya mwekundu na mweupe kutoka konveta kwenda kwenye sabufa, umeme wa konveta unatoka kwenye tundu la USB. Kwenye TV, zima Bluetooth na uchague optical kuwa njia ya kutolea sauti. Kwenye sabufa, chagua AUX.

Tukawasha. Kimya. Shemeji akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapa ndipo wengi huirudisha konveta dukani bila sababu. TV nyingi hutoa sauti kwa mtindo wa Dolby, na konveta za bei nafuu nyingi haziielewi. Zinaelewa PCM tu. Ukiletewa Dolby, unapata kimya au mkwaruzo wa kuumiza meno. Tukaingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, kwenye Digital Output, tukaweka PCM. Sabufa ikanguruma, shemeji akapiga makofi.

Kama TV yako ina ARC pekee, nunua konveta ya ARC, tumia lile tundu lenye jina hilo na si jingine, na uwashe HDMI CEC. Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Sasa sauti ikatangulia

Furaha ilidumu mpaka saa mbili usiku. Mtangazaji akaanza, shemeji akakunja uso. “Sasa imegeuka. Anasikika kabla hajafungua mdomo.”

Konveta yenyewe haicheleweshi sauti kwa kiasi cha kuonekana. Anayechelewa ni picha. TV za leo zinaipamba picha kwanza: zinalainisha mienendo, zinang'arisha rangi, na urembo huo unachukua muda kama urembo mwingine wowote. Mara nyingi spika za ndani ya TV husubirishwa zilingane na picha, lakini sauti inayotoka nje inaweza kupita bila kusubiri.

Na sauti inayotangulia inakera kuliko inayochelewa. Ukisimama Mandewa ukamtazama mtu anayepasua mawe ya kokoto upande wa pili wa bonde, unaona nyundo imetua, kisha ndipo unasikia “ko!” Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo akiwa mita 170 kutoka ulipo, mlio unachelewa nusu sekunde. Radi ni hivyo hivyo. Toka tumezaliwa tumezoea sauti ije nyuma. Ikija mbele, ubongo unagoma. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la mwaka 1998 lilisema mtazamaji huanza kuigundua sauti iliyotangulia kwa milisekunde 45 tu, lakini iliyochelewa mpaka ifike 125.

Dawa ya sauti iliyotangulia ni rahisi: ichelewesheni. Kwenye mipangilio ya sauti tafuta Audio Delay, Lip Sync au AV Sync. Ongeza kumi kumi. Angalia mtu anayeongea karibu na kamera, na uzitege herufi za kufunga midomo: p, b, m. “Mama”, “baba”, “papa” zikifunga na kusikika pamoja, umefika. Ikigoma, zima ulainishaji wa mienendo au weka picha kwenye Game, TV itapunguza urembo na picha itawahi.

Ikiwa sauti ndiyo inayochelewa, usiongeze kitu hapo, utaharibu zaidi. Rudisha Audio Delay kwenye sifuri, achana na Bluetooth, tumia waya na PCM.

Umejuaje?

Nikashika rimoti. Kumi, ishirini, thelathini. Mimi na shosti tulipofika arobaini tukasema basi, imekaa. Shemeji akasema bado. Tulipofika sabini akasema, “Hapo hapo, usiguse.”

Shosti hakuamini. Akanipokonya rimoti, akairudisha sifuri kimya kimya. “Imetangulia tena,” akasema shemeji. Akaipeleka mia na hamsini. “Umeichelewesha.” Mara tano, zote akapata. Sisi wawili tulikuwa tunabahatisha.

“Umejuaje?” nikamuuliza.

“Si naangalia midomo.”

“Kwa nini uangalie midomo?”

Akacheka kidogo. “Sasa nitajuaje anasema nini?”

Kikapita kimya. Shosti akavuta kanga, akafunika mdomo wake, akasema neno moja kwa sauti ya kawaida. Alisema “sita”. Shemeji akamtazama. “Pita? Nipite wapi?” Akasema “fika”. Shemeji akasema “pika”. La tatu hakujibu, akaangalia chini.

Msomaji wangu, huyu kaka anasimamia uzalishaji kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Miaka minane anasimama karibu na mashine, na vizibo vya masikio anavyo ofisini, kwenye droo. Kelele ikifika desibeli 85 kwa saa nane kila siku inatosha kula usikivu taratibu, na kinachoanza kuondoka ni sauti nyembamba: s, f, t. Ndiyo maana mtu anakuambia “nasikia ila sielewi.” Hakudanganya.

Na midomo inasaidia kweli. Mwaka 1976 watafiti Harry McGurk na John MacDonald wa Uingereza walionyesha kwamba macho yanaweza kubadilisha kile masikio yanachosikia: ukisikia “ba” huku midomo unayoiona inasema “ga”, watu wengi husikia “da”. Sasa mfikirie mtu anayetegemea midomo kila siku, halafu TV inamletea midomo ya neno hili na sauti ya neno lile. Lazima aongeze sauti. Na mke akiita kutoka jikoni, midomo haipo kabisa.

Shosti hakusema kitu. Alikwenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Aliporudi alikaa upande wa pili, akimwelekea mumewe uso kwa uso. “Miezi yote hii nilikuwa naongea na mgongo wako,” akamwambia. “Kumbe hunioni.”

Jumatatu yake walikwenda hospitali wote wawili. Kipimo kikaonyesha usikivu wa sauti nyembamba umepungua masikio yote mawili. Kilichoondoka kwa kelele hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa: vizibo vimetoka kwenye droo, na mazungumzo ya kifaa cha kusaidia kusikia yameanza. Shemeji bado anabisha kwamba kitamzeesha. Shosti anambembeleza.

Kwako wewe, kabla hujaita fundi

• Soma maandishi ya konveta: OPTICAL IN au ARC, kutokea nyekundu na nyeupe.
• Hakuna sauti? Weka PCM kwenye TV, na kwenye king'amuzi pia.
• Lipime kila chanzo peke yake. King'amuzi, flashi na YouTube vinaweza kupishana.
• Rimoti ya TV ikigoma kupandisha sauti, tumia ya sabufa. TV nyingi hutoa sauti ya kiwango kimoja kwenye optical.
• Kuna mngurumo? Umeme wa konveta uutoe kwenye chaja ya simu badala ya USB ya TV.
• Jirani akishangilia bao kabla yako, usiguse mipangilio. Matangazo ya setilaiti yanapanda na kushuka karibu kilomita 36,000 kila upande, na king'amuzi nacho kina muda wake. Picha na sauti vimechelewa pamoja. Vumilia tu.
• Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki.

Na mwenzi wako akianza kupandisha sauti kila siku, kabla hujamnunia, funika mdomo wako na kanga umwambie “sita”. Asubuhi naondoka Mandewa TV ilikuwa kwenye sauti ya kumi na nane, na shosti alikuwa haongei tena kutoka jikoni. Anakuja mpaka sebuleni.