Mtungi Ni wa Nani? Lugha ya Watetezi wa Gesi Mbele ya Kibanda cha Otonglo

Msafiri atokaye Kisumu kuelekea Busia, akishaupita uwanja wa ndege, hufika Otonglo kabla ya njia panda ya Kisian. Ni soko la kando ya barabara kama masoko mengine ya ukanda wa Ziwa Viktoria: omena, nyanya, makaa katika magunia, na siku hizi mitungi ya gesi ya rangi mbalimbali. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno hulipita soko hili kila chuo kifunguliwapo na kifungwapo. Yamkini wachache miongoni mwao wamewahi kujiuliza swali ambalo limewagombanisha wafanyabiashara wa gesi nchini Kenya kwa miaka mingi: mtungi ule, mnunuzi akishaulipia na kuufikisha jikoni kwake, ni wa nani?

Neno lenyewe limesafiri mbali. Mtungi, kwa maana yake ya asili, ni chombo cha udongo cha kuchotea na kuhifadhia maji, na aliyeununua aliumiliki hadi siku ulipovunjika. Mtungi wa chuma haufuati desturi hiyo. Kanuni za nchi humhesabu mwenye chapa iliyo juu yake kuwa ndiye mwenye mtungi na ndiye mwenye dhima juu ya usalama wake. Mnunuzi ni mwenye gesi tu, nayo huisha.

Gesi hiyo, ifahamike, si gesi asilia, ijapokuwa matumizi ya kila siku huziita zote kwa jina moja. Gesi asilia, kama ile iliyogunduliwa Songo Songo nchini Tanzania mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, kwa sehemu kubwa ni methani. Ni nyepesi kuliko hewa, na haigeuki kuwa kiowevu mpaka ipozwe hadi nyuzi 162 hivi chini ya sifuri. Ndiyo maana husafirishwa kwa bomba. Gesi ya kupikia inayouzwa Otonglo ni propani na butani. Sehemu yake hutenganishwa na gesi asilia visimani, sehemu nyingine hutokana na usafishaji wa mafuta ghafi. Hii hugeuka kiowevu kwa kushindiliwa tu, bila kupozwa, na kwa hiyo hukubali kubebwa kwa pikipiki. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni; harufu yake kali hutiwa makusudi ili mpishi atahadhari. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiache kazi hiyo mwaka 2013, Kenya huagiza gesi yake kutoka nje. Bomba la mafuta lililofika Kisumu mwaka 1994 halikujengwa kwa ajili ya gesi hii. Safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, kwa sehemu kubwa, ni ya malori.

Wanaoisemea biashara hii mbele ya serikali wana chombo chao. Mashuhuri zaidi ni Taasisi ya Petroli ya Afrika Mashariki, ijulikanayo kwa ufupisho wa PIEA, iliyoanzishwa mwaka 1999 na yenye makao yake Nairobi. Wanachama wake ni kampuni za mafuta na gesi. Kazi ya chombo cha namna hii ni ya aina mbili zilizoshikana kiasi kwamba ni vigumu kuzitenga. Kwa upande mmoja hufundisha: hutoa mafunzo ya usalama, huchapisha jarida, huandaa makongamano. Kwa upande wa pili hushawishi: hutoa maoni kuhusu miswada, kanuni na kodi. Hakuna la aibu katika hilo. Wavuvi wana vyama vyao, walimu wana vyao. Tofauti iko katika uzito wa sauti, na kwa gesi uzito huo huongezeka kwa sababu moja isiyosemwa sana: bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na serikali kila mwezi tangu Desemba 2010, ilhali bei ya gesi ya kupikia imeachiwa soko.

Kabla ya mwaka 2009 kila kampuni ilikuwa na vali yake. Aliyenunua mtungi wa kampuni moja alifungwa nayo kama aliyefunga ndoa. Akitaka kuhama, alilazimika kununua mtungi mwingine na kifaa kingine cha kuufungia. Kanuni za mwaka 2009 ziliivunja ndoa hiyo. Zilidai vali ya aina moja, na zikaweka utaratibu wa lazima wa kubadilishana mitungi: mteja aliweza kupeleka mtungi mtupu wa chapa yoyote kwa muuzaji na kuondoka na uliojaa wa chapa nyingine, kisha kampuni zirudishiane mitungi zenyewe kwa zenyewe. Kwa muuzaji mdogo wa soko kama Otonglo hii ilikuwa neema kubwa. Hakuhitaji mtaji wa kuweka akiba ya kila rangi.

Sensa zinaonyesha mwendo wa miaka hiyo. Mwaka 2009 ni asilimia 5 hivi tu ya kaya za Kenya zilizotegemea gesi kupikia. Mwaka 2019 zilikuwa asilimia 23.9. Si haki kuupa utaratibu wa mitungi sifa yote. Kituo kikubwa cha kupokelea gesi kilifunguliwa Mombasa mwaka 2013, kodi ya ongezeko la thamani ikaondolewa mwaka 2016, na mwaka 2018 mafuta ya taa yakatozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Hata hivyo, ni vigumu kudhani kwamba wapishi wengi kiasi hicho wangehamia gesi kama kila mtungi ungebaki na ufunguo wake.

Tatizo lilizuka pale kwenye kurudishiana. Wapo waliogundua kwamba kuujaza mtungi wa jirani ni rahisi kuliko kuurudisha. Mwenye chapa alinunua mitungi, wengine wakaijaza na kuiuza, naye akabaki na dhima ya ajali. PIEA na kampuni kubwa zililalamika kwa miaka mingi, na Kanuni za mwaka 2019 zikawasikia: ubadilishanaji wa lazima ulikoma, makubaliano baina ya kampuni yakachukua nafasi yake, na kujaza mtungi wa chapa ya mwingine kukahitaji idhini ya maandishi.

Hoja ya wakubwa haikuwa ya uongo. Mtungi usiokaguliwa huliwa na kutu. Mtungi uliojazwa kupita kiasi hauachi nafasi ya kiowevu kutanuka juani. Mtungi uliopunjwa humwibia mpishi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, likaua watu kadhaa na kujeruhi mamia, katika kituo ambacho mamlaka ya udhibiti ilisema maombi yake ya kibali yalikuwa yamekataliwa. Baada ya usiku ule nani angesimama kuutetea ujazaji wa vichochoroni?

Ila hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutua. Neno “haramu” limekuja kubeba mambo mawili tofauti kabisa. Liko kosa la kuhatarisha uhai, kama kujaza gesi katikati ya makazi kwa mpira na mizani mbovu. Liko pia kosa la kutumia mali ya mwenye chapa bila idhini yake, ambalo kwa asili ni ugomvi wa kibiashara. Msemaji anayeyaunganisha yote katika tamko moja, “gesi haramu”, humfanya msikilizaji auone ugomvi wa pili kwa macho ya mlipuko wa kwanza. Ushindi wa aina hii hupatikana katika msamiati kabla ya kufika katika gazeti la serikali. Muuzaji mdogo, ambaye sasa hulazimika kuuliza kila asubuhi ni chapa gani atakubali na ipi ataikataa, hakuwa na neno lake la kulikabili.

Neno “safi” nalo lina mambo yake. Watetezi wa gesi huiita nishati safi (au kawi safi, kama wapendavyo kusema Wakenya), na kwa jiko la kuni la Nyanza, lenye moshi unaowaliza watoto, usemi huo ni wa kweli. Lakini “safi” ni neno la kulinganisha lililojificha katika vazi la sifa. Mji wa Berkeley, Marekani, ulipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya mwaka 2019 kwa kuiona gesi kuwa chafu mbele ya umeme. Marufuku hiyo ikashindwa mahakamani mwaka 2023. Moto ni ule ule, ulinganisho ndio uliobadilika.

Pamoja na hayo, yapo mambo ambayo sauti ya wakubwa na haja ya Otonglo zilikwenda njia moja. Kodi ya asilimia 16 iliporudishwa Julai 2021, sekta ilipiga kelele. Ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa tena mwaka 2023. Nafuu hiyo ilimhusu mkaanga samaki sawasawa na mwenye kampuni, ijapokuwa yeye hakualikwa katika kikao chochote.

Mwezi Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Panapokuwa na bomba mpaka jikoni, swali la mwenye mtungi hufutika lenyewe, na mahali pake huja swali la mwenye mita. Bomba linalozungumzwa, hata hivyo, linaishia pwani. Kutoka hapo hadi Otonglo, njia bado ni ile ya lori.