Hisabati inanisumbua, naweza kuwa mhasibu?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne kutoka Sofu, hapa Kibaha, alitutumia ujumbe wakati wa kipindi: "Hisabati inanisumbua, naweza kusoma uhasibu?" Muda ulikuwa umekwisha, tukamjibu kwa haraka, na kwa kweli jibu lile halikutosha. Tumeona tulieleze hapa vizuri, maana swali hilo wanalo wengi, na wazazi wao pia.

Kwanza kazi yenyewe. Wengi wakisikia mhasibu wanamfikiria mtu anayehesabu noti nyuma ya dirisha. Huyo ni keshia. Mhasibu anaandika fedha ilikotoka na ilikokwenda, anatunza ushahidi wa kila aliloandika, kisha anawaeleza wenye fedha hali yao ikoje.

Chukua mfano wa kikoba cha akina mama 20, kila mmoja anaweka shilingi 5,000 kwa wiki. Baada ya wiki 10 zimeingia 1,000,000. Wamekopeshana 700,000. Waliokopa wamerudisha 150,000, na riba 15,000 juu yake. Sanduku likifunguliwa ziwemo 465,000. Wanafungua, wanahesabu, zipo 425,000. Elfu arobaini haipo.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mweka hazina anakumbuka: mwenzao alilazwa Tumbi, kikundi kikamtuma akamwone, akatoa 30,000 kwa mgonjwa, na 10,000 ikaenda kwenye matunda na bodaboda. Kila mtu anajua mgonjwa alilazwa kweli. Lakini hakuna aliyeandika, hakuna saini ya aliyepokea wala ya aliyeidhinisha. Mama wa watu hajaiba hata senti, na bado atarudi nyumbani na jina baya. Karatasi moja tu, yaani vocha ya malipo yenye tarehe, kiasi, sababu na saini mbili, ingemwokoa.

Uhasibu unaanzia hapo. Kila shilingi inaandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda. Ile 700,000 waliyokopeshana imetoka sandukuni, lakini haikupotea: imekuwa deni mikononi mwa wanachama. Wanafunzi wanaosoma somo la buku kipingi wanaita pande hizo debiti na krediti. Jumla za pande mbili zisipolingana, kuna kosa mahali, na unalitafuta hadi ulipate. Zikilingana pia usishangilie haraka, kwani kitu ambacho hakikuandikwa kabisa hakitaonekana upande wowote, kama ile 40,000.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Hisabati ya kila siku katika kazi hii ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na asilimia, na kikokotoo kipo. Kinachowashinda watu wengi ni uvumilivu wa kuandika leo kilichotokea leo. Hata hivyo mdogo wangu, usiitupe hisabati. Chuoni utakutana na hesabu za biashara na takwimu, na mwajiri hapendi kumsubiri mtu anayehangaika na asilimia.

Faida ya kuandika unaweza kuiona hata kwenye genge la mzazi wako. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka, akiwa hana kumbukumbu, analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo aliyeuza milioni 5 akiwa na daftari lake sawasawa anadaiwa 30,000. Elfu sabini imebaki nyumbani kwa sababu ya kalamu. (Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo uliza ofisi ya TRA kwanza.)

Vivyo hivyo kwa mkulima wa korosho wa Kisarawe anayeuza kupitia chama cha msingi. Bei ya mnada anaisikia, lakini kinachofika mkononi ni baada ya makato. Asiyejua kusoma hesabu ya makato atabaki kunung'unika tu, hata pale ambapo ana haki ya kudai.

Na mwisho wa Machi kila mwaka, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anapomkabidhi Rais ripoti yake, mnasikia kwenye taarifa zetu halmashauri hii imepata hati safi, ile hati yenye shaka. Hapa watu wengi wanakosea. Hati safi maana yake ni kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango na vinaonyesha hali halisi. Haimaanishi kila shilingi ilitumika kwa busara. Ndiyo maana halmashauri inaweza kupata hati safi na ripoti hiyohiyo ikawa na kurasa nyingi za hoja.

Njia ya kuingia ni zaidi ya moja. Ukimaliza kidato cha nne na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kwa alama D, unaweza kuomba astashahada ya uhasibu, mwaka mmoja. Ukifaulu unaendelea na stashahada, miaka miwili, kisha shahada, miaka mitatu. Vyuo vingine vina masharti ya ziada, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa NACTVET kabla ya kulipa chochote. Ukienda kidato cha tano, mchepuo unaokuandaa ni ECA: uchumi, biashara na uhasibu. Vyuo vya serikali ni pamoja na Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vyote vipo Dar es Salaam, karibu tu na sisi. Kipo pia Chuo cha Uhasibu Arusha.

Lakini cheti cha chuo peke yake hakikufikishi mwisho. Ipo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Inatoa mitihani yake Mei na Novemba, kuanzia ngazi ya chini hadi ya mwisho inayompa mtu CPA. Ni migumu, na wengi huirudia. Mwenye CPA aliyesajiliwa anaweza kusaini mambo ambayo mwenye shahada tu hawezi, na akivunja maadili Bodi inaweza kumfuta.

Wazazi, ada ya astashahada ipangeni mapema, kwa kuwa mikopo ya serikali inawalenga zaidi wanaosoma shahada. Na tusiwadanganye: wanaohitimu uhasibu ni wengi, ajira haziwafikii wote. Kibaha ina viwanda, maghala, maduka ya jumla, shule binafsi na saccos, na kote huko anahitajika mtu wa vitabu, ila wengi wanaanza kwa kujitolea au kwa mkataba mfupi.

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi. Siku moja bosi atakuomba uandike daftari mbili, moja lake na moja la TRA, au usaini malipo ya mzigo ambao hujauona. Atakwambia kila mtu anafanya. Saini itakuwa yako, na mkaguzi akija atakuuliza wewe.

Kwa mwanafunzi wetu wa Sofu: mitihani bado, hisabati irudie kuanzia asilimia. Na Jumamosi hii, kama mama yako ana kikoba au genge, mwombe akuruhusu uandike daftari lake kwa mwezi mmoja, kila siku, na risiti zote uzihifadhi kwenye bahasha. Ukichoka wiki ya pili, tuandikie utuambie. Ukifika siku ya thelathini na jumla zimelingana, tuandikie pia.