Waja wa Fikra

Mwaka 1950 bwana mmoja aitwaye Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akihifadhi nyimbo za wenyeji katika sahani za santuri, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, si mbali sana na huku kwetu Merigi, akaimbiwa na wasichana wimbo ambao hata leo wapenzi wa muziki wa mataifa ya mbali hawajachoka kuustaajabia. Jina la wimbo huo ni Chemirocha. Aliyeimbwa humo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye kabla ya kupata sifa alikuwa mfanyakazi wa reli, na ambaye siku wasichana wale walipomwimba alikuwa amekwisha fariki kwa kifua kikuu tangu mwaka 1933. Sauti yake ilivifikia vilima hivi kwa santuri zilizoletwa na Wazungu, na wasikilizaji wake, ambao hawakupata kumwona wala hawakuielewa lugha aliyoimba, walilipokea jina lake kwa matamshi yao wenyewe, likawa linafanana na majina ya hapa, kisha wakampa na umbo: nusu mtu, nusu paa, kiumbe arukaye na kucheza, anayealikwa aje ajumuike nao ngomani.

Nataka msomaji aitazame kwa makini kazi waliyoifanya wasichana hao, kwa kuwa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Walichopewa kilikuwa kidogo mno: sauti ya mtu akiimba na kuligeuza koo lake kwa namna ambayo haikusikika kwao, mlio wa gitaa, na jina. Kwa vitu hivyo vitatu walimuumba mtu mzima, mwenye mwili, mwenye mwendo, mwenye haja, mtu wa kuitwa naye akaitika. Aghalabu habari hii husimuliwa kuwa kichekesho cha watu wa zamani, na mimi sikubaliani kabisa na masimulizi ya namna hiyo. Walilolifanya wao kwa sauti ndilo tunalolifanya sisi sote kwa wino, kila tunapofungua riwaya na kukutana na mtu ambaye hakuzaliwa na mama, wala hakuzikwa mahali, nasi tukaanza kumpenda, kumwonea haya, kumkasirikia au kumlilia. Mhusika wa riwaya huzaliwa na watu wawili: mwandishi, atoaye alama chache zilizochaguliwa kwa busara, na msomaji, ambaye huzitia alama hizo damu itokayo katika maisha yake mwenyewe.

Mwandishi asiyeijua siri hiyo huanza kazi yake kwa kueleza kupita kiasi. Humpima mhusika urefu, humtaja rangi, nguo, viatu na mwendo, halafu humsifu au humlaumu waziwazi, hata msomaji hana la kuongeza, naye kwa kukosa kazi hulala. Marehemu Muhammad Said Abdulla wa Unguja hakuandika hivyo. Tangu alipomtoa Bwana Msa mbele ya watu katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alimpa kiko, utulivu wa akili usiotetereka, na rafiki aitwaye Najum wa kumfuata na kumshangaa, na kwa hayo machache mpelelezi huyo aliishi hadithi baada ya hadithi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiko hicho kina udugu na kile cha Sherlock Holmes wa Uingereza, ambaye muumba wake, Arthur Conan Doyle, alimwua katika hadithi ya mwaka 1893 kwa kumchoka, na wasomaji wakahuzunika na kulalamika kwa muda mrefu hata miaka kumi baadaye ikambidi amfufue. Mhusika akishapokewa na watu, aliyemwandika hana tena mamlaka yote juu yake.

Katika alama zote ambazo mwandishi hutoa, jina ndilo la kwanza na lenye uzito, na juu ya hili mtu aliyelelewa huku kwetu Bomet au Kericho ana elimu ambayo wengine hulazimika kuitafuta vitabuni. Kwetu jina ni mwanzo wa hadithi. Kiprono alizaliwa jioni, mbuzi wakirejea zizini. Kipng'etich alizaliwa asubuhi ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Cherop alikuja na mvua. Chepkoech alikuja na mapambazuko. Kipruto alizaliwa safarini. Na kabla ya jina la namna hiyo, mila ya Wakipsigis ilikuwa na jambo jingine lenye fikra nzito: wazee wa kike walimtajia mtoto mchanga majina ya wahenga wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya, na jina lililotajwa chafya ilipomtoka ndilo lililohesabiwa kuwa lake, kwa maana muhenga yule amerejea kwa njia yake. Sioni mfano bora kuliko huo wa kazi ya mwandishi mbele ya karatasi, akimjaribishia mhusika wake jina hili na lile, tabia hii na ile, usemi huu na ule, akingoja dalili kwamba kiumbe huyo ameitika.

Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alishika njia ya majina yanayotangaza tabia. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ndugu watatu wanaitwa Adili, Hasidi na Mwivu, na msomaji huwajua kwa majina yao kabla hawajatenda lolote. Wako wanaosema kwamba mtindo huo ni wa kitoto, kuwa mtu hawezi kuwa neno moja tu kutoka utoto hata uzee. Rai yangu ni kwamba wamesoma majina, hawakusoma kitabu. Kwani Shaaban Robert anamwonyesha Adili huyo huyo, mwenye jina la haki, akiwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, na manyani hao ndio nduguze waliogeuzwa, naye hulazimika kutenda hivyo ilhali moyo wake hautaki. Jina linasema jambo, mkono unatenda jambo jingine, na katikati ya hayo mawili umeachwa uwazi ambamo msomaji huingia na huruma yake.

Marehemu Ken Walibora aliipeleka mbele zaidi njia hiyo katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya iliyosomwa na kutahiniwa katika shule zetu za sekondari. Mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora, jina la adhama tupu, na matendo yake yote yanalikanusha, kwani ni mnyang'anyi wa ardhi na mdhalimu wa wanyonge. Kitabu hicho kilisomwa Mombasa, kikasomwa Nairobi, kikasomwa na huku kwenye chai. Ila sidhani kwamba kilisomwa kwa namna moja. Kijana wa nchi hii amekulia kando ya mashamba makubwa yaliyopandwa chai na makampuni ya kigeni tangu miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo babu zake waliondolewa. Amesikia pia habari ya ukoo wa Talai, ambao kwa sheria ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1934 ulihamishwa kwa nguvu ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kijana huyo anapomsoma mtawala anayejitwalia ardhi za watu, hahitaji kuelezwa maana yake na mwalimu. Walibora hakuwaandikia Talai hata neno, na hata hivyo msomaji wa hapa huwaleta Talai kitabuni, akawaketisha karibu na waliodhulumiwa wa Sokomoko, na kitabu kinawapokea.

Jina pekee, walakini, halitoshi. Mtu hujulikana kwa anachokitaka, anachokiogopa, na anachokitenda siku vitu hivyo viwili vinapogongana. Tumwangalie Rosa, binti wa Zakaria na Regina wa kisiwa cha Ukerewe, aliyeumbwa na marehemu Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Kezilahabi alitupa baba mlevi ambaye, kwa sababu ya barua ya kijana kwa binti yake, alimpiga binti huyo kipigo cha kutisha. Akatupa msichana aliyekua akiwahofu wanaume. Kisha akamtoa nyumbani, akamwacha peke yake na uhuru ambao hakufunzwa kuutumia, mpaka mwisho wake akajitoa roho. Hakuna mahali ambapo sauti ya mwandishi inatupumzisha kwa kutwambia kuwa Rosa ni mwema au ni mwovu. Ni sisi tunaopaswa kukata shauri juu ya nani aliyemwangamiza, na shauri hilo haliko sawa kwa baba aliyewahi kumwinulia binti yake fimbo na kwa binti aliyewahi kuinuliwa fimbo. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Waliotoa amri walikosea, lakini walikuwa wameifahamu nguvu ya Rosa vizuri kuliko wengi waliomsifu.

 

Jambo ambalo nataka kulikalia ni lile lililotokea nchini mwetu kwa sababu ya Matigari, shujaa wa riwaya ya jina hilo ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi wa Mei mwaka 2025, aliiandika kwa Kikikuyu na kuichapisha mwaka 1986. Matigari ni mpiganaji aliyetoka msituni, akaweka silaha chini, akashika njia akimwuliza kila amkutaye ni wapi ukweli na haki vinapatikana. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, mapema mwaka 1987 wapelelezi wa serikali walipeleka habari kwamba wakulima wa sehemu za kati za Kenya wanamnong'ona mtu aitwaye Matigari, azungukaye nchi nzima akidai haki, na amri ikatolewa akamatwe. Polisi wakagundua kuwa mtu huyo yumo kitabuni tu, na mwezi wa Februari nakala za riwaya zikazolewa madukani.

Watu wengi wanaijua habari hiyo, na wengi huishia katika kustaajabu. Mimi nauliza sababu: kwa nini Matigari, na si mmoja wa mashujaa wengine walioandikwa kwa lugha zetu? Jawabu naliona katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu, ambapo Ngũgĩ anamwachia msomaji na msikilizaji wake achague mwenyewe hadithi inatokea nchi gani, mahali gani na zama gani. Hata umri wa Matigari haukufungwa. Mara ni mzee, mara ni kijana. Aliyeisikia hadithi hiyo alilazimika kuleta nchi kutoka kwake, njia kutoka kwake, na dhuluma aliyoijua yeye, na mtu aliyekwisha mjenga Matigari kwa vifaa vya nyumbani kwake si ajabu akamtaja kama amtajavyo jirani. Laiti mwandishi angalimpa kijiji chenye jina na mwaka wenye tarakimu, yamkini Matigari angalibaki kitabuni, salama mbali na polisi.

Kwa hiyo ninahuzunika ninapoona jinsi tunavyowafundisha watoto wetu kuwasoma watu hawa wa vitabuni. Mtihani wa kidato cha nne huuliza sifa za mhusika na umuhimu wake, na mwanafunzi, ambaye hana kosa lolote, hukariri orodha: Amani wa Kidagaa Kimemwozea ni mvumilivu, ni msamehevu, ni mwenye bidii. Orodha ni rahisi kusahihishwa, na walimu wetu wana madarasa yaliyojaa na muda mchache, nayatambua hayo. Lakini kijana aliyemaliza miaka minne akiwa amewageuza watu kumi wa riwaya kuwa orodha kumi za sifa, na asiwe amemwota hata mmoja wao usiku, amepewa makapi, na baadaye akitaka kuandika hadithi yake mwenyewe ataanza kwa orodha hizo hizo.

Na wapo wanaotaka kuandika. Kwao nitasema hivi. Mkitaka kumwandika mama wa Merigi achumaye chai, msituanzie na sifa yake ya bidii, maana bidii ya mama wa hapa hata mgeni apitaye barabarani ataiona. Mpeni jina, tuseme Chebet, kwa kuwa alizaliwa mchana. Mwekeni katika foleni ya kituo cha kununulia chai, kikapu mgongoni, macho yake yasitoke katika mizani karani anapousoma uzito. Mpeni jambo analolitaka ambalo hajamwambia mtu. Halafu siku ya bonasi mfanyeni atende jambo lisilotarajiwa: achukue fedha zote za chai, apite mlango wa nyumba yake bila ya kuingia, apande matatu ya kwenda Kericho. Msituambie kama ametenda vyema. Msomaji wa Silibwet atasema lake, msomaji wa Lamu atasema lake, mume aliyengojea nyumbani jioni ile atasema lake, na Chebet atakuwa hai katika kila kauli.

Nanyi walimu wa Kiswahili wa Bomet na Kericho, nina ombi moja kwenu. Katika muhula ujao, kabla hamjawaagiza wanafunzi waziorodheshe sifa za Mangwasha wa riwaya ya Nguu za Jadi, au za mhusika mwingine yeyote mtakayekuwa mnamsoma, waambieni kwanza wamwandikie mhusika huyo barua, wamwulize wanayotaka kumwuliza na kumlaumu kwa wanayotaka kumlaumu, kisha mzisome barua hizo kwa sauti darasani.